Ukipewa kitu, sema mapema: mwongozo kamili kwa bloga anayelipwa, anayealikwa na anayepewa zawadi

Nianze na kilichonikuta maana ndo sababu ya kuandika yote haya. Miaka michache nyuma hoteli moja ya ufukweni kaskazini mwa Unguja ilinialika, usiku mbili, chakula chote juu yao, siku ya pili tukapelekwa kisiwa cha Mnemba kwa boti kuangalia samaki. Nikarudi Dar nikakaa nikaandika kwa moyo wote, picha za machweo, pweza wa nazi, wahudumu wanaokukumbuka jina, kila kitu. Sikusema popote kwamba sikutoa hata shilingi. Mwishoni niliweka "asanteni sana kwa ukarimu" nikaona nimemaliza.

Kama miezi miwili baadaye dada mmoja akaniandikia. Yeye na mume wake walikuwa wamejaza kibubu mwaka mzima kwa ajili ya fungate, wakasoma nilichoandika, wakaenda pale pale. Wakapewa chumba cha nyuma kinachopakana na jenereta, maji ya bomba yanaacha kutoka saa moja jioni, na pweza kila wakiuliza wanaambiwa kaisha. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kaka, na wewe ulilala upande ule ule tuliolala sisi?"

Hapana, sikulala upande ule. Mi nilipewa chumba cha mbele kinachoangalia bahari kwa sababu walijua naja na walijua naja kufanya nini. Na hili ndo nataka ulishike kabla hatujaingia kwenye hatua: sikudanganya hata neno moja. Maji kwangu yalikuwepo, pweza nilimla mpaka nikashiba. Shida ni kwamba yule dada hakujua mi nilifikaje kwenye kile chumba, na bila kujua hilo hakuwa na namna ya kuyapima maneno yangu. Watu wengi wakisikia habari ya kutaja maslahi wanadhani ni kukiri rushwa, ndo maana wanaogopa. Sio hivyo. Ni kumwambia msomaji umekaa kiti gani na nani kakukalisha hapo.

Hatua ya kwanza: daftari, na liandikwe siku hiyo hiyo

Kabla ya kufikiria utaandika nini kwenye posti, fungua daftari. Liwe la karatasi, liwe noti kwenye simu, haijalishi, ila kila unachopokea kinaingia siku ile ile ulipokipokea. Kwa nini siku ile ile? Kwa sababu baada ya wiki mbili akili yako itakuwa imeshapunguza. Chakula cha mchana kitakuwa "kidogo tu", ile elfu hamsini ya nauli utakuwa umeisahau kabisa na punguzo la fundi wa kamera utakuwa umeshaliita urafiki. Ukiandika leo unaandika ukweli ulivyo.

La kwangu lina mambo sita kwenye kila mstari: tarehe, nani katoa, katoa nini, kinauzwa bei gani dukani, wameomba nini, na nimekirudisha au nimebaki nacho. Mstari mmoja unakuwa hivi:

"14 Machi. Kampuni ya simu kupitia wakala. Simu moja, kava na chaja. Kariakoo inauzwa 780,000. Nabaki nayo. Wanataka posti moja na stori mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Hela hakuna."

Hiyo bei ya dukani usiiruke. Usichukue bei waliyokuambia wao, tembea mwenyewe au piga simu maduka mawili uulize. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia msomaji "nimepewa zawadi" na kumwambia "nimepewa simu ya karibu laki nane", na ile namba itakusaidia hata wewe kujiuliza ni lini mara ya mwisho mtu alikupa kitu cha laki nane na ukaenda kumsema vibaya hadharani.

Hatua ya pili: jua kipi kinatajwa

Hapa ndo watu wanachanganyikiwa zaidi, wanadhani kinachotajwa ni hela tu. Kipimo changu ni swali moja: msomaji akilijua hili, ataanza kuyasoma maneno yangu kwa jicho lingine? Kama jibu ni ndiyo, au hata ni labda, linatajwa. Wamarekani wana neno la kisheria kwa hilo lakini maana yake ni hiyo hiyo, uhusiano wowote kati yako na muuzaji ambao mtu wa kawaida asingeutegemea na ambao ungebadilisha uzito anaoupa ushauri wako.

Kwa hiyo tuvipitie. Hela taslimu hiyo haina mjadala. Kitu cha bure, hata kama hawakukuomba uandike, kinatajwa. Malazi, tiketi, chakula, boti, vinatajwa. Punguzo ambalo wateja wengine hawapati linatajwa. Linki ambayo mtu akinunua kupitia hiyo we unapata kamisheni inatajwa, kila posti yenye hiyo linki, sio mara moja kwa mwaka. Kama uko kwenye mpango wa Amazon wenyewe wanakulazimisha kwa masharti yao uandike kwamba unaingiza kipato kwenye manunuzi, na ukilificha unaweza kufungiwa akaunti.

Halafu kuna yale ambayo hayaji kwenye bahasha wala kwenye boksi. Kazi uliyowahi kufanya. Mke, mume, dada, mchumba anayefanya kazi kwenye kampuni unayoisifia. Kazi unayoitarajia, yaani mmeshaanza mazungumzo ya mkataba wa kuwa balozi wa bidhaa yao hata kama hamjasaini, hilo ni zito kuliko watu wanavyodhani maana mtu anayesubiri mkataba anasifia kuliko hata aliyeshausaini.

Na hisa. Hili bongo hatulizungumzi kabisa. Vodacom Tanzania walipouza hisa zao kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, walinunua walimu, wastaafu, vijana wa vyuo, na Wakenya nao walijaa kwenye hisa za Safaricom mwaka 2008. Kwa hiyo wapo mabloga wanaolinganisha bando za mitandao huku wana hisa za mtandao mmojawapo, na sio kwamba wana nia mbaya, hawajawahi kuliona kama jambo. Sentensi moja inatosha: "Nina hisa za kampuni hii, nilinunua mwenyewe." Hata ziwe hisa mia mbili. Msomaji ataamua mwenyewe kama mia mbili ni nyingi au kidogo, sio kazi yako kumwamulia.

Sarafu za kidijitali ndo hatari zaidi, na kisa cha Kim Kardashian, yule staa wa Marekani, kinatosha kufundisha. Mwaka 2021 aliitangaza sarafu moja inaitwa EthereumMax kwenye Instagram, alilipwa dola 250,000. Alama ya tangazo aliiweka, sio kwamba hakuiweka. Lakini sheria ya Marekani kuhusu vitu vya uwekezaji inataka pia utaje umelipwa kiasi gani, na hilo hakulisema. Oktoba 2022 akakubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza jambo na mamlaka yao ya mitaji. Ushauri wangu kwa mtu yeyote anayeandika kwa Kiswahili: ukilipwa kuongelea kitu ambacho watu wataweka akiba zao humo, taja namba. Na ukiona aibu kuitaja, rudisha hela.

Bahasha ya nauli

Hii nimeipa nafasi yake kwa sababu ni ya kwetu na miongozo ya wazungu haiigusi vizuri. Unaenda uzinduzi wa bidhaa, mnakula, mnapiga picha, mkitoka mlangoni kuna dada ana orodha, unasaini, unapewa bahasha. "Ya nauli kaka." Daladala haifiki elfu mbili kwenda na kurudi, ndani kuna elfu hamsini.

Najua mazingira. Bloga wengi hatuna mshahara, na wapo wanaotoka Kimara kwa miguu nusu ya njia kuja kwenye shughuli hizo. Simhukumu mtu. Ila tuwe wakweli kuhusu inachofanya ile bahasha. Tulishaishi na neno takrima nchi hii, mgombea akawa anaruhusiwa na sheria kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ikayafuta yale masharti mwaka 2006 kwa kuwa yanapingana na Katiba, na kila mtu aliyewahi kupewa kanga na pishi la mchele anajua ilivyokuwa ngumu siku ya pili yake kumtazama mgombea machoni. Mkataba mkubwa una masharti, unayasoma, unajua mwisho wake. Kabahasha hakana masharti ila kanakuachia deni la aibu, na sisi tumelelewa kwamba fadhila inalipwa. Unajikuta unaanza kuandika kwamba betri ya simu inakata mapema halafu mkono unakuwa mzito. Hakuna aliyekukataza, lakini mkono ni mzito.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutoipokea, na kuikataa bila kumvunjia mtu heshima inawezekana kabisa: "Asante sana dada, nimeshapanga nauli yangu, naomba jina langu lisiwe na saini kwenye hiyo orodha." Hiyo ya orodha ni muhimu, kama jina lako lipo na hela hujachukua, kuna mtu atakuja kuichukua kwa jina lako. Ya pili, ukiipokea, andika kiasi: "Waandaaji walitupa chakula cha mchana na shilingi 50,000 ya nauli." Nimeifanya hivyo mara mbili na hakuna mbingu iliyoanguka, isipokuwa sijaalikwa tena sehemu moja.

Hatua ya tatu: elewaneni kabla hujakubali

Ukisubiri mpaka umeshalala kwenye kitanda chao ndo uwaambie utaandika kwamba ulialikwa, utaonekana umewageuka. Sema mwanzoni, tena kwa maandishi, WhatsApp inatosha ila iwepo. Mi natuma hivi, unaweza kuichukua ukabadilisha:

"Habari dada, asante kwa mwaliko. Kabla sijathibitisha naomba tuelewane mambo manne. Moja, nitaandika juu kabisa kwamba mmenialika na mmelipia nini. Mbili, hamtaisoma kabla haijatoka, ila mkiona nimekosea bei au jina niambieni nitarekebisha. Tatu, nikikuta kasoro nitaitaja. Nne, nisipovutiwa naweza nisiandike kabisa. Kama mko sawa na hayo, naja."

Wengi wanakubali, na hili lilinishangaza. Lakini kuna majibu utakayopata ambayo inabidi uwe umejiandaa, kwa mfano hili nililipokea mwaka jana: "Kaka, hiyo ya kwanza hatuwezi kuiweka mwishoni? Meneja hapendi ionekane kama tangazo, anapenda ionekane umeenda mwenyewe."

Lisome tena taratibu. Anapenda ionekane umeenda mwenyewe. Anachokilipia hapo ni msomaji aamini jambo ambalo halikutokea, yaani ananunua imani ya watu uliyoijenga wewe, na chumba ndo malipo. Nilimjibu: "Nakuelewa dada, najua na wewe umetumwa. Ila sikwenda mwenyewe, kwa hiyo siwezi kuandika hivyo. Mwambie meneja kama anataka posti bila hayo maelezo, nitakuja mwezi ujao kwa hela yangu bila kusema tarehe, na nitaandika nitakachokikuta." Hawakurudi tena.

Na usidhani ni hoteli ndogo tu zenye mchezo huo. Mwaka 2015 duka kubwa la nguo la Marekani, Lord & Taylor, liliwapa gauni moja watu 50 wenye wafuasi wengi Instagram, likawalipa kati ya dola 1,000 na 4,000 kila mmoja waposti wikiendi moja. Mkataba wao ulitaja mpaka hashitegi ya kutumia, lakini haukuwataka waseme wamelipwa. Gauni likaisha dukani. Mwaka uliofuata tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikalibana duka mpaka likakubali masharti. Kwa hiyo mkataba ukiwa kimya kuhusu kutaja malipo, we ongeza hicho kipengele mwenyewe kwa mkono wako, na wakikifuta ujue wanajua wanachofanya.

Hatua ya nne: maneno yenyewe

Sasa kazi. Kanuni yangu ni kwamba shangazi yangu aliyeko Singida, ambaye anasoma kwenye simu ndogo na hajui biashara ya mitandao inavyokwenda, akisoma sentensi ya kwanza aelewe. Kwa hiyo yafuatayo hayafai: "kwa kushirikiana na", "kwa hisani ya", "asanteni kwa kunikaribisha", "balozi", "mdau wetu". Hayo yote yanaweza kumaanisha umelipwa na yanaweza kumaanisha hujalipwa, na utata huo ndo unaowafanya watu wayapende. "Imedhaminiwa" ina nafuu kidogo lakini bado shangazi atajiuliza imedhaminiwa nini, safari au maneno.

Na zile herufi za Kiingereza za kuashiria tangazo, #ad, #sp, #collab. Umeandika aya sita za Kiswahili kitamu halafu sehemu moja tu inayomhusu msomaji kujilinda unaiweka kwa lugha nyingine? Hata FTC kwenye maelezo yao wanasema lugha ya kutaja malipo iwe ile ile uliyotumia kusifia. Tunayo lugha, tuitumie. Neno "tangazo" kila mtu analijua tangu enzi za Redio Tanzania.

Hizi ni sentensi ninazozitumia mwenyewe:

"Hili ni tangazo. Nimelipwa na kampuni kuliandika na wamelisoma kabla halijatoka."

"Simu hii nimepewa bure na kampuni na nabaki nayo. Dukani ni kama 780,000. Hawajanilipa hela na hawajasoma nilichoandika."

"Hoteli ilinialika, usiku mbili na chakula sikulipa. Nauli ya boti kutoka Dar nimelipa mwenyewe. Walijua naja kuandika."

"Ukinunua kupitia linki hii mimi napata kamisheni, bei yako haiongezeki."

"Mdogo wangu ni mwajiriwa hapa. Nimekula kwa hela yangu."

"Nimenunua mwenyewe, sina uhusiano nao wowote." Hii nayo iandike, kwa sababu ukishazoea kutaja, msomaji ataanza kutafuta hiyo sentensi kila mara, na siku haipo atajiuliza.

Unaona ile "walijua naja kuandika"? Kwangu mi ndo sentensi nzito kuliko zote kwenye mambo ya hoteli na migahawa, nzito kuliko bei. Ingekuwepo kwenye posti yangu ya Unguja, yule dada angejiuliza mapema kuhusu chumba, angewapigia simu akauliza anapewa upande gani.

Kitu kingine, taja kilichopo na ambacho hakipo. Ukisema tu "nimepewa simu" mtu anaweza kudhani pia umelipwa, ukisema "nimepewa simu, hela sikupewa" amepata picha kamili. Lakini usiongeze ile sentensi maarufu ya "maoni ni yangu mwenyewe na hayajaathiriwa kwa namna yoyote". Hujui kama hayajaathiriwa. Mi sikujua.

Hatua ya tano: ikae wapi

Juu. Kabla ya sifa ya kwanza. Sio kwenye ukurasa wa "kuhusu mimi", sio chini kabisa baada ya picha ishirini, sio kwa maandishi ya kijivu madogo. Mtu akishasoma aya tano za pweza wa nazi moyo wake umeshafika Nungwi, ukimwambia mwishoni ulikula bure unakuwa umemwambia baada ya kazi kuisha.

Kila jukwaa lina mtego wake. Instagram inakata kapsheni baada ya maneno machache, kwa hiyo maelezo yakae kwenye mstari wa kwanza kabisa, usiyazike katikati ya hashitegi kumi na tano. Stori zikiwa tano, watu wengine wataona ya tatu tu, kwa hiyo andika juu ya kila moja inayosifia, rangi inayosomeka, sio nyeupe juu ya mchanga mweupe. Kwenye X andika kwenye twiti ya kwanza ya uzi, maana ndo inayosambazwa. Status ya WhatsApp wengi wanaisahau kabisa, na huku kwetu ndo inayouza kuliko zote, wateja ni mama mdogo na majirani, yaani wanaokuamini zaidi. Na huko pia andika.

Vidio iseme kwa mdomo na iandikwe kwenye kioo, mwanzoni, sio kwenye maelezo ya chini ambayo hakuna anayeyafungua. Ukiwa laivu rudia kila baada ya muda maana watu wanaingia na kutoka. Podikasti sema kwa sauti yako ya kawaida, kwa kasi yako ya kawaida, usibadilike ghafla ukawa kama mtu anayesoma masharti ya bahati nasibu.

Instagram wana alama yao ya ushirikiano wa kulipwa tangu 2017, YouTube wana kiboksi cha kutiki, TikTok wana swichi. Washa zote, ila usizitegemee peke yake, ni maandishi madogo na mara nyingi yanatokea kwa lugha ambayo msomaji wako haitumii. Na kama una blogu yako, linki za kulipwa zifungie alama ya "sponsored" kwenye msimbo (code) wake, Google waliileta mwaka 2019, mtu aliyekutengenezea blogu anaweza kukuwekea kwa dakika tano.

Sheria, kwa kifupi

Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji kwenye biashara, Kenya wana sheria yao ya kumlinda mlaji ya 2012. Kama una wasomaji wengi ndugu zetu walioko Marekani, jua kwamba FTC mwongozo wao unawataja mabloga tangu 2009, waliurekebisha tena 2023, na wanasema wazi kwamba hata aliye nje anaweza kuguswa kama ilitarajiwa posti itawafikia walaji wao. Ufaransa ndo wakali, sheria ya Juni 2023 imeweka mpaka miaka miwili jela na faini ya hadi euro 300,000. Ukiwa na mkataba wa kampuni ya huko, tafuta mwanasheria asome kabla hujasaini.

Hatua ya sita: yale ya zamani

Hii ndo ngumu na ndo wengi wanairuka. Umeanza kutaja leo, vizuri, na zile posti za miaka minne nyuma ambazo bado watu wanazisoma kila siku wakitafuta hoteli kwenye Google?

Mi nilikaa wikiendi tatu. Nilifungua orodha ya posti zangu nikaanza na zinazosomwa zaidi, sio za zamani zaidi, maana hizo ndo zinazoendelea kuwapeleka watu mahali. Kila moja nilijiuliza nilipewa nini, na pale nilipokuwa sikumbuki nilirudi kwenye mazungumzo ya WhatsApp na barua pepe za mwaka ule, na pale ambapo hata huko sikupata niliandika kwamba niliwahi kupewa ofa na hawa watu lakini sina kumbukumbu ni nini hasa. Usifute posti. Ukifuta, aliyeshaisoma hatajua kitu. Ongeza maelezo juu, na tarehe, na usibadilishe yaliyo chini kimya kimya.

Kwenye ile ya Unguja niliweka hivi:

"Nyongeza. Nilipoandika hii sikusema kwamba hoteli ilinialika na sikulipa chochote, usiku mbili, chakula na boti. Walijua naja na walinichagulia chumba cha mbele. Msomaji aliyelipa alipewa chumba cha nyuma karibu na jenereta na alikosa maji jioni. Kabla ya kulipa, uliza unapewa upande gani. Samahani kwa kuchelewa kusema."

Nikamtumia yule dada linki na nikamwomba radhi, yeye na mume wake. Alijibu baada ya siku mbili, "Sawa kaka, nimeona, asante." Sikustahili zaidi ya hapo. Meneja wa hoteli naye alipiga, anataka niitoe, nikamwambia akinionyesha kosa lolote kwenye ile nyongeza nitarekebisha siku hiyo hiyo. Hakuonyesha, na ipo mpaka leo.

Wengine watauliza kwenye maoni, "kwa hiyo siku zote ulikuwa unalipwa?" Jibu kila mmoja, kwa jina lake, na kwa namba. Usimblock mtu kwa swali hilo. Ukishamaliza posti, nenda kwenye zile stori ulizohifadhi kwenye wasifu wako wa Instagram, zile huwezi kuongeza maandishi juu yake zikishatoka, kwa hiyo zishushe, ziandike upya zikiwa na maelezo, na zile ambazo huna tena picha zake, ziondoe na useme kwenye stori mpya umeziondoa kwa nini.